Kisanduku cha Gerrit

Katika chuo cha wilaya kule Iowa, darasa la mantiki hufanyika baada ya chakula cha mchana, na Tessa Hoekstra alikuwa akifeli kwa kosa lile lile: kusahau kufunga visanduku. Ukitaka kuthibitisha jambo, unaruhusiwa kudhania lolote, mradi uizungushie dhana yako kisanduku. Kilichomo hakitoki nje, na kabla ya kumaliza ni lazima ukifunge; dhana ikizaa ukinzani humo ndani, unakifunga na kuandika nje kinyume chake.

Jumanne hiyo Mwalimu Lindgren alitaka kila mmoja alete hoja yake mwenyewe. Tessa akaenda ubaoni. Kaka yake, Gerrit, alikuwa amezama kwenye mahindi ndani ya ghala la kampuni, akafa. Kampuni ilishikilia kwamba lango la chini la ghala, ambalo likifunguliwa mahindi huteremka na kumvuta aliyesimama juu yake, lilikuwa limefungwa. Uongo mtupu, na mji mzima uliumeza bila hata kuutafuna.

Akaandika: Gerrit amekufa. Chini yake: lango likiwa limefungwa mahindi hayateremki, na Gerrit yu hai. Kisha akachora kisanduku, akaandika ndani: lango lilikuwa limefungwa.

Gerrit akaingia, vumbi la mahindi kwenye nyusi, akakaa kiti cha mbele.

"Kaka, sogea kidogo, unaniziba," akasema msichana wa nyuma yake.

"Samahani. Tess, una chochote cha kula? Na huo mwandiko wako, bado kama kuku kaparura!"

Tessa akampa nusu ya sandwichi yake.

"Juu umeandika amekufa," alisema mwalimu, "na huyu hapa anakula. Umepata ukinzani. Funga."

"Nikifunga ataondoka."

"Usipofunga hujathibitisha kitu. Wakubwa wa kampuni wataendelea kuishi humo humo, raha mustarehe."

Gerrit akafuta mdomo. "Funga, mdogo wangu. Wakome."

Akafunga. Kiti kikabaki na makombo. Nje ya kisanduku akaandika: lango halikuwa limefungwa. Alikuwa na hasira hata chaki ikamvunjikia mkononi. Wenzake wakanakili.

Alipotoka darasani aliupeleka uthibitisho, ameunakili kwenye karatasi, kwa Bwana Pruitt, meneja wa ghala. Pruitt aliusoma taratibu, maana naye alipitia darasa hilo ujanani.

"Safi sana. Sioni kosa."

"Basi lango lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi, ndiyo."

Akachukua kalamu, akauzungushia uthibitisho wote kisanduku, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akakifunga vizuri.

"Cha ndani hakitoki nje. Au siku hizi mnafundishwa vingine, dada?"

"Muuaji wewe! Mshenzi!"

Pruitt akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa humo ndani hilo nalo lilikuwa kweli. Kisha akamrudishia karatasi yake.

Nje ya dirisha lango la chini lilikuwa wazi, mahindi yakimiminika kwenye lori. Mfanyakazi mpya alikuwa akipanda ngazi ya ghala na koleo lake, kavaa kofia ngumu yenye jina la Gerrit.