Udongo Uliohamia Chanji

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1952, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Huseni, mwenye duka la chumvi na vitambaa huko Chanji, pembezoni mwa mji, alifungua mlango wa uani akakuta udongo mweusi wa kiasi cha toroli arobaini. Ulikuwa umepita kando ya banda la kuku bila kuangusha kitu, ukatulia mbele ya chumba cha mpangaji wake, Cornelia, mjane aliyehamishwa kutoka Kalundi. Huseni aliugusa kwa kidole cha mguu. Ulikuwa bado na umande. Akabisha hodi.

"Mama Cornelia, mzigo wako umefika."

Cornelia alitoka akijifunga khanga, akachota konzi moja, akanusa.

"Ni wa shambani kwangu," alisema. "Tuwie radhi, baba. Nitauweka vizuri usizibe njia."

Hapakuwa na haja. Udongo ulikuwa umeshajipanga wenyewe kwa mafungu ya duara, hatua mbili kati ya moja na jingine, jinsi Wafipa wanavyopanga ntumba. Kila mvua zinapokaribia kwisha, Mfipa hufyeka nyasi, huzilaza chini, huzifunika kwa udongo mpaka pawe na kilima kidogo, kisha huziacha zioze. Msimu unaofuata hutawanya kile kilima na kupanda ulezi. Shamba likipumzishwa miaka michache, ntumba huota majani, na mtu asiye wa huko huona mteremko wenye manundu tu.

Kalundi ni maili kumi na nane kutoka mjini, na wakati huo kampuni ya Wazungu ilikuwa inachimba makaa ya mawe huko. Hawakuchimba kwa shimo la kuingia kama panya. Walifungua ardhi kutoka juu, wakashuka kwa ngazi pana, kila ngazi kimo cha watu wawili. Kwanza tingatinga liliondoa udongo mweusi, kisha ule mwekundu. Baada ya hapo likaja jiwe la mchanga, lililotaka baruti, na chini yake tope la kale lililogeuka jiwe na kupasuka kurasa kurasa. Ndipo yakaonekana makaa, mkanda wa futi sita ulioinamia magharibi. Kwa kila tani ya makaa ilibidi kutupa tani tano za kifusi. Vibarua walielewa habari ya makaa upesi kuliko ilivyotarajiwa. Walisema ni ntumba ya mtu aliyefukia majani akasahau kurudi kutawanya. Mpimaji wa kampuni alicheka, akasema ndivyo hasa ilivyo, akaandika katika daftari lake.

Nyapara wa machimbo hayo alikuwa Zenon. Mama yake alipofariki yeye akiwa wa miaka minne, Cornelia, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemlea. Miaka miwili kabla ya udongo kuhama, Zenon alikuwa amempandisha mpimaji yule hadi kwenye mteremko wa Kalundi. Mpimaji aliuliza yale manundu yenye majani ni nini. Kama yalikuwa mashamba, sheria ilitaka mwenyewe aulizwe kwanza, na jambo hilo lingechukua mwaka mzima. Zenon aliutaka sana unyapara, na viatu vya ngozi vinavyokwenda nao.

"Vichuguu, Bwana," alisema.

Mpimaji akaandika kwenye ramani: pori, vichuguu vingi. Kati ya vichuguu hivyo, kumi na kimoja Zenon alikuwa amevilima kwa mkono wake.

Nusu ya chini ya shamba la Cornelia ikaenda mwaka ule ule, naye akaambiwa ahame. Nusu ya juu ilikuwa bado. Huko kulikuwa na kaburi la mumewe, Alois, aliyekufa miaka tisa iliyopita kwa homa ya mapafu.

Wiki iliyofuata ulifika udongo mwekundu. Mawe ya mchanga yalichelewa, kwa kuwa ni mazito na hayapendi milima. Siku mbili yalizuia barabara ya malori, na madereva wakazima injini wakayangoja yapite, kama mtu anavyongoja ng'ombe. Makaa hayakuja. Hayo yalikuwa yameshauzwa.

Kampuni ilipeleka malalamiko, kwa sababu kifusi ni mali yake. Bwana Shauri, ofisa wa Serikali, akaja Chanji na kofia yake, pamoja na Zenon. Alizunguka ua wote wa Huseni, akahesabu mafungu, akasimama.

"Udongo huu unamjua mama huyu," alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Udongo wa pori haumfuati mtu. Kama kule ni mashamba, nitasimamisha kazi ya nusu ya juu leo hii. Zenon, ni wewe uliyepaonyesha. Vile vilikuwa vichuguu au mashamba?"

Fungu lililokuwa karibu na Zenon lilikuwa limeota maharage. Cornelia alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Zenon alifikiri habari ya kaburi. Alifikiri pia kwamba akisema kweli ataonekana mwongo wa miaka miwili, na viatu vitavuliwa. Aliona aibu, lakini aibu haimfanyi kila mtu kuwa mwema.

"Vichuguu, Bwana."

"Mama, una la kusema?"

Cornelia alimtazama Zenon kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Nyumbani kwao mtoto havuliwi nguo mbele ya watu wa nje.

"Huyo ni mwanangu," alisema. "Alichosema amesema."

Bwana Shauri aliamua kwamba udongo ubaki ulipo, kwa kuwa kuurudisha ni kazi bure, utakuja tena. Kazi ya nusu ya juu iendelee.

Ikaendelea. Ijumaa moja ya Juni tingatinga lilipita juu ya kaburi. Zenon ndiye aliyelipungia bendera. Jumamosi saa sita mchana, akiwa kwenye baiskeli kwenda mjini, alimkuta Alois ameketi juu ya jiwe karibu na kijito, anajipangusa vumbi. Alikuwa na suti yake ya Krismasi na rozari mkononi, jinsi alivyozikwa.

"Shikamoo, baba," alisema Zenon.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Cornelia anakaa wapi siku hizi? Udongo umenitangulia, na mimi miguu imeshasahau."

"Chanji, baba. Panda nikupeleke."

Alois akapanda nyuma. Alikuwa mwepesi kuliko debe la ulezi. Waliokutana nao njiani waliwasalimu, na wanawake wawili wakapiga magoti wakapiga makofi, kama inavyompasa mzee. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ile ilikuwa na maili kumi na mbili zilizobaki, na nyingi za kupanda.

"Hivi hao Wazungu," Alois aliuliza baada ya mlima wa kwanza, "hawakujua pale ni kwa watu?"

"Hawakujua, baba."

"Hapakuwa na mtu wa kuwaambia?"

Zenon alikanyaga pedali. Alitamani mnyororo ukatike. Ulikuwa mnyororo mpya.

"Hapakuwa na mtu."

"Laiti ungekuwapo wewe," alisema Alois, akamwekea mkono mgongoni asije akaanguka.

Zenon alilia kutoka hapo mpaka Chanji bila kutoa sauti, na kwa vile upepo ulikuwa wa mbele, hakuna aliyemwuliza.

Huseni alifungua mlango wa uani, akampisha Alois, akamwita mkewe Mwasiti aongeze maji ya kunawa. Cornelia alipiga magoti akampokea mumewe. Alimwambia amechelewa, lakini chakula bado kina moto. Zenon alisema anaondoka.

"Kaa," alisema Cornelia.

"Huyu ndiye aliyenileta," Alois alimweleza. "Amenibeba njia nzima. Umelea, mama."

"Najua aliyekuleta," alisema Cornelia.

Akamnawisha Zenon wa kwanza, akampakulia ugali wa ulezi na maharage yaliyoota pale uani, akaketi kumtazama anavyokula. Zenon alimaliza sahani yote, kwa kuwa aliogopa kuulizwa kwa nini ameacha. Akaongezewa, akamaliza na hiyo.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa kazini. Kwenye nusu ya juu walifika kwenye makaa siku ya Alhamisi, na mpimaji akasema ni mazuri kuliko ya chini.