Kucha za Msusi wa Kabondo

Mimi ninaitwa Zaina, na kama wewe ni mwanamke na ulikaa Kisangani miaka ile Chama kilipokataza perruque, basi kichwa chako kilipita mikononi mwangu. Kama si chako, cha dada yako. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Siku walipotangaza redioni kwamba mwanamke wa Zaire hatavaa tena nywele za bandia, nilikaa kibandani kwangu Kabondo nikacheka peke yangu, maana nilijua kesho yake mlangoni hapatakuwa na pa kukanyaga.

Kazi yangu ilikuwa uzi mweusi na kucha. Watu wanafikiri kusuka ni vidole. Vidole ni vya kufunga uzi tu. Kinachopasua njia kichwani, kutoka usoni mpaka kisogoni, ni ukucha wa kidole gumba. Wengine wanatumia mkia wa kichana, na mimi siwatukani. Lakini katika ukoo wetu kichana ni cha kuchania, njia inapasuliwa kwa mkono. Na bibi harusi ndiyo usiseme. Asubuhi ya kutoka kwao anasukwa na mwanamke wa nyumba yake, kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba ikishindwa, watu wa mume wanaleta msusi wao, na binti anatoka kwa mama yake akiwa na kazi ya wageni kichwani. Kwetu jambo hilo halijawahi kutokea, na sikutaka liniangukie mimi.

Maana nilikuwa na binti wa kutoa. Nyota alikuwa mtoto wa mdogo wangu, Mungu amrehemu, aliyemwacha angali ananyonya. Nikamchukua. Mimi sikuzaa, yeye ndiye niliyepewa. Aliniita mama mukubwa, alikua mbele ya macho yangu, na sasa kijana mmoja wa posta anayeitwa Amuri, watu wake wa Kindu, alikuwa amemwomba. Nilimpenda Amuri. Alikuwa na masikio makubwa na adabu nyingi.

Bon. Wakati huohuo kucha zangu zikaanza kupasuka.

Kwanza ulikuwa ukucha mmoja, ule wa gumba, mstari mdogo kwenye ncha. Halafu zikaanza kubanduka, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Ukiuvuta uzi, uzi unanasa. Ukipitisha kidole kichwani, unywele unaingia katika ufa na mteja anaruka. Nilijaribu kila kitu walichoniambia majirani. Nilisugua ndimu, nikasugua kitunguu saumu mpaka Nyota akakataa kula karibu nami. Nikapaka rangi nyekundu ya kucha kuficha aibu, na rangi ikabanduka pamoja na ukucha.

Shangazi yake Amuri, Mama Aziza, akaja toka Kindu kwa mazungumzo ya harusi. Mwanamke mnene, mtaratibu, kitenge chake hakina hata kunyanzi. Nilipompa kikombe cha chai akakitazama kidole changu zaidi ya chai.

"Mama Zaina, hii kidole iko na nini?"

"Iko na kazi," nikamjibu.

Akatabasamu. "Usisikie haya, ndugu yangu. Kama haitawezekana, mimi nitakuja na mususi yetu. Iko mukono mwepesi."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. Mtu akikutukana unamrudishia. Huyu nilimwongezea sukari.

Alipoondoka nikaenda moja kwa moja kwa tonton Benoît, fundi wa vélo, yaani baiskeli, wa barabara yetu. Benoît hakuwa na jambo asilolijua. Akakishika kidole changu, akakigeuzageuza kama tairi anayoitafutia tundu, kisha akafungua kile kichupa cha gundi ya kubandikia viraka, ile tunayoiita solution.

"Hii inashika chambre à air ya tairi mpaka Yangambi na kurudi," akasema. "Ukucha ni kitu gani?"

Nami, mtu mzima, nikakubali. Akanipaka kidole baada ya kidole, akapuliza. Zikakauka, zikang'aa, zikawa ngumu. Nilirudi nyumbani nikitembea na mikono mbele ili kila mtu aione.

Mchana ule alikuja Julie. Karatasini alikuwa na jina jingine, kama wote walioamriwa na Chama kuacha majina ya Kizungu, lakini nyumbani kwangu alikuwa Julie. Alikuwa kiongozi wa wachezaji wa animation, zile ngoma za kukisifu Chama, wa zone yetu, na jioni ile walikuwa na mazoezi ya sherehe ya Chama. Alitaka ile mitindo ya nyuzi inayosimama kama antena. Nikaanza. Jua lilikuwa kali, bati la kibanda linaungua, na kichwa cha Julie kina joto lake. Nilikuwa ninapasua njia ya katikati nilipohisi solution imelainika na gumba limelala ndani ya nywele. Nikalivuta. Likakataa.

"Zaina, toa mukono, niko na haraka."

"Mukono haitoke."

"Namna gani haitoke?"

"Imeshika."

Akapapasa utosi. "Umetia nini mu kichwa yangu?"

Nikamweleza. Sitarudia hapa aliyoyasema, maana mengine aliyasema kwa Kilingala na yalikuwa mazito. Kuvuta kwa nguvu aliona maumivu, kukata nywele hakutaka hata kusikia. Alors, dawa ilikuwa moja: turudi kwa Benoît. Tukatoka kibandani, Julie mbele na nusu ya kichwa imesimama, mimi nyuma na mkono juu ya utosi wake. Tulitembea hivyo barabara nzima. Mzee mmoja wa kanisani alituona akasimama kando, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Alifikiri ninamwombea.

"Usicheke," Julie akanong'ona. "Ukicheka unanivuta."

Nikacheka. Naye akacheka, huku analia kwa maumivu, na mpaka tunafika kwa Benoît hakuna aliyeweza kueleza lolote. Benoît akatutazama kwa heshima kubwa, akachukua kitambaa na essence ya pikipiki, akasugua mpaka tukaachana. Julie akaenda mazoezini ananuka kama petrol. Nilisikia baadaye kwamba wenzake walimwambia akae mbali na mtu yeyote mwenye sigara.

Lakini essence ilinimaliza. Kesho yake kucha zilikuwa nyeupe, kavu kabisa, na nilipokuwa ninaukanda muhogo wa kwanga, mkate wetu wa kufunga majani, ule wa gumba ukapasuka mpaka kwenye nyama. Damu ikatoka. Nikakaa chini pembeni ya sufuria, nikalia. Sikulilia maumivu. Nilimwona Nyota anatoka mlangoni kwangu na kichwa kilichosukwa na mtu wa Kindu, nami nimesimama kando na mikono yangu miwili isiyo na kazi. Nilimwogopa hata marehemu mdogo wangu, kwamba atanisikia nikilia nimeshindwa na mwanawe.

Nyota mwenyewe ndiye aliyenichukua kwa nguvu mpaka dispensaire, kwa muuguzi mmoja anayeitwa Adèle, mwanamke kijana wa kutoka Yahuma mwenye sauti ya taratibu. Alinishika vidole, akaniuliza mikono yangu inafanya nini kutwa.

Nikamhesabia. Asubuhi iko katika maji ya muhogo. Halafu vyombo. Halafu nguo na sabuni. Halafu uzi na vumbi la kibandani. Jioni maji tena. Na juzi, solution na essence.

"Solution ya vélo?" akauliza.

"Njo ile."

Akageuka dirishani kidogo, mabega yanatikisika, kisha akarudi na uso wa kazi. "Mama, ukucha unakunywa maji, unavimba. Ukikauka unanywea. Vimba, nywea, vimba, nywea, kila siku, tabaka zinaachana. Hakuna aliyekuroga. Toa mikono mu maji, paka mafuta asubuhi na mangaribi. Na uzikate zote, fupi kabisa."

"Nikate? Unamwambia seremala atupe musumeno?"

"Zitapona, mama, lakini polepole. Mbele ya harusi hazitapona. Ukizikata, angalau hazitanasa tena."

Nilimtolea maneno ambayo sikupaswa kumtolea. Yeye akanipa mkasi, mimi nikampa Nyota, na Nyota akanikata kucha zote kumi huku ninatazama ukutani.

Basi nikawa malkia bila kutaka. Sikuruhusiwa kugusa maji. Nyota aliosha, Nyota alikanda, na jirani zangu wakaja kumsaidia kufunga kwanga katika majani, nami nimekaa kwenye kiti na vidole vimepakwa mafuta ya kokwa za ngazi, yaani chikichi, yale meusi yenye harufu ya kuungua. Niliwaamrisha. Nilisema huo unga una madonge, hilo jani limechanika, hiyo sufuria mnaiosha au mnaibembeleza? Hawakunijali. Waliimba, wakaniiga sauti yangu mbele ya uso wangu, na kwanga zao zikatoka vibaya, na tukazila hivyohivyo. Sijui kama nyumba yangu ilikuwa imecheka namna ile kabla.

Ukucha wa kupasulia sikuwa nao tena. Nikajifunza kutumia nyama ya kidole. Unakichovya katika mafuta, unakiweka mwanzo wa nywele, unasukuma bila kukimbia, na nywele zinalala huku na huku. Nilimwomba Julie anipe kichwa chake cha majaribio. Alichungulia mikono yangu kwanza, mbele na nyuma, akanusa. Njia ya kwanza ilikwenda kombo. Nikafumua. Ya pili ikawa afadhali. Kila nilipomaliza njia aliniambia niinue mkono juu auone, na mimi nikajua hajanisamehe.

Asubuhi ya harusi nilitandika mkeka mapema, kuku hata hawajashuka. Nyota akakaa katikati ya miguu yangu. Tulijua kwamba watu wa Kindu wamelala Lubunga, ng'ambo ya mto, na kwamba bac ya kwanza, ile pantoni ya asubuhi, itawaleta pamoja na msusi wao. Nilikuwa na hofu, niseme kweli. Nikachovya kidole, nikasema bismillahi.

Mara tu nilipogusa, Nyota akapandisha mabega mpaka masikioni. Nikapasua njia ya katikati. Nikafunga uzi. Nikapasua ya pili. Mabega yakashuka.

"Mama mukubwa, umeanza?"

"Nimeanza zamani. Akili yako iko wapi?"

"Lakini haiumi."

"Namna gani haiumi?"

"Siku zote inaumaka," akasema. "Toka niko mudogo. Mimi nilifikiri kusuka njo kuuma."

Hasira ikanipanda, ndivyo nilivyo. "Na hukusema hata siku moja?"

"Ulikuwa unafurahi sana," akasema Nyota.

Nikaendelea kusuka. Alinisimulia habari ya Amuri, kwamba ameazima viatu na vinambana, kisha sauti ikawa ndogo, kisha ikakatika katikati ya neno. Kichwa chake kikalala kwenye goti langu. Nilifikiri amezimia. Nikainama, nikasikia anakoroma, kidogo tu, kama alivyokoroma alipokuwa mtoto mgongoni mwangu. Nimesuka vichwa vya mji mzima, vya wake za wakubwa na vya watoto wa shule. Wamelia, wameng'ata vitambaa, wamenishika miguu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala. Moyo wangu ukajaa furaha mpaka nikashindwa kuuona uzi, ikabidi nifute macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na mafuta.

Ndipo nikasikia ngoma. Walikuwa wamevuka. Vigelegele vilipanda toka mwisho wa barabara, vikakaribia, vikafika uani, na Mama Aziza akaingia mlangoni na kitenge chake kisicho na kunyanzi. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba na mfuko wa nyuzi.

"Mama Zaina, tumefika," akaanza kwa sauti ya harusi. "Kama haujamaliza, mususi yetu..."

"Polepole," nikamwambia. "Mutoto yangu iko nalala."

Akasimama. Akamtazama Nyota, mdomo wazi, mate kidogo kwenye goti langu. Akainama akazifuata njia zote kwa macho, moja moja, mpaka kisogoni. Yule msusi naye akachungulia juu ya bega lake, na nikaona anakunja vidole gumba vyake ndani ya ngumi.

"Analala?" akanong'ona yule msusi. "Mu kusukwa?"

Mama Aziza alivua viatu, akatoka nje kwa ncha za miguu, na nikasikia ngoma zinanyamaza moja baada ya nyingine, halafu vigelegele, halafu hata watoto. Kupitia dirishani niliwaona watu wote wa Kindu wakikaa chini uani kwangu, na nguo zao za sherehe, mmoja mmoja, bila kelele. Amuri alikaa mwisho, akavua viatu vya kuazima. Msusi wao akarudi ndani, akapiga magoti kando yangu na kuanza kunikatia nyuzi.

Nilimaliza upande wa kushoto bila haraka yoyote. Hakuna aliyeniharakisha. Jua lilikuwa limefika juu ya bati Nyota alipoamka mwenyewe, akajinyoosha, akapitisha mkono kichwani, akaniuliza kama wageni wamekwisha kuvuka.