Miche ya Mtarakwa Uliopinda

Mwaka wa arobaini na saba, serikali ya wazungu ilileta kitaluni Magongo, huku pwani, mbegu za mitarakwa ya bara, minyoofu na iliyopinda, ijue kama mti mnyoofu huzaa minyoofu. Minyoofu yenyewe walikwisha kuikata ikawa penseli za Ulaya, na hilo hatujasahau.

Kitaluni humo kibarua Kahaso alitunza matuta mawili: la watoto wa mti mnyoofu na la watoto wa mti uliopinda. Aliamriwa kuyatunza sawasawa. Lakini wale wa mti uliopinda walikuwa wanyonge, na kwao Rabai mtoto mnyonge ndiye hupakuliwa chakula kwanza. Akawatilia samadi kisirisiri.

Mnyapara Ishaka akaiona.

“Kahaso!”

“Abee.” Moyoni alijua kazi imekwenda.

“Umeharibu utafiti!”

“Niliwahurumia, mnyapara.”

Ishaka akainama. Miche ilikuwa imenenepa kupita wenzao, na bado imepinda vilevile. Akacheka hadi kofia ikamwanguka.

“Wallahi, umewalisha kama maharusi na bado wamemfuata mama yao! Jibu si hilo? Kesho uje kazini.”

“Nitakuja. Nawe mwambie mzungu wako aache kuwakata mama wanyoofu.”

“Mwambie wewe!”

“Nitamwambia mimi,” akasema Kahaso, akajitwika debe lake la maji.