Orodha Niliyoipanga Upya

Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Hata nyaya za chumba cha mitambo cha chuo chetu nilizifunga kwa rangi, na anayezigusa tunakosana. Kwa hiyo mkuu wa idara alipotaka wageni kutoka vyuo vingine watumie mtandao wetu kwa nywila za vyuo vyao, kazi hiyo sikumwachia mtu. Nilipakua programu ya bure, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, nikaijenga mwenyewe kwenye seva kuukuu. Kazi yake ni ya tarishi: mgeni akiandika jina na nywila, inaangalia anatoka chuo gani, inapeleka ombi huko na kurudi na jibu, aingie au asiingie.

Vyuo vilikuwa kwenye orodha. Programu huisoma kuanzia juu, na ikikuta mstari unaofaa haiendelei. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa wa alama ya nyota, maana yake yeyote aliyebaki akataliwe.

Orodha ile ilinikera. Ilikuwa shaghalabaghala, kila chuo kimekaa pale kilipoingizwa. Ijumaa moja mchana nikaiamuru kompyuta iipange kwa alfabeti, nikaiwasha programu upya, nikajaribu kwa akaunti yangu. Nikaingia bila shida, nikaenda zangu nyumbani roho kwatu.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo kingine, alikuja chuoni kwetu. Nyumbani tunamwita Papara, tangu siku alipokwenda shule na viatu visivyofanana. Saa nne alikuwa na usaili wa ufadhili wa masomo, kwa video, na ni mimi niliyemwambia kuwa mtandao wetu haukatiki. Saa tatu na nusu akanipigia simu nyumbani, akasema anakataliwa.

“Andika taratibu,” nikamwambia.

“Nimeandika taratibu, kaka. Hebu angalia na huko kwako.”

Kuangalia kungenichukua dakika mbili. Kompyuta ilikuwa mezani mbele yangu. Nikamwambia kwangu hakuna tatizo, jana tu nimejaribu, atulize kichwa asome herufi moja moja. Akapiga tena mara mbili. Ya pili sikupokea.

Akafanya usaili kwa kifurushi cha simu. Picha ikaganda, sauti ikakatika, wakamshukuru baada ya dakika sita. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Jumatatu nikafungua kumbukumbu za seva. Majaribio ishirini na tisa, yote ya mdogo wangu, na hakuna hata moja lililofika chuoni kwake. Kompyuta huiweka nyota kabla ya herufi, kwa hiyo ule mstari wa kukataa nilikuwa nimeupandisha juu ya vyuo vyote. Na akaunti yangu, kwa kuwa ni ya hapa hapa, haipiti kwenye programu ile kabisa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaurudisha mstari chini, nisimwambie mtu.

Yeye nilikusudia kumwambia, Mungu ni shahidi. Jumapili iliyofuata tukakutana mezani kwa mama, na kabla sijafungua kinywa akaanza yeye.

“Kaka, nisamehe. Ulinitafutia mahali pazuri, nikaharibu kwa haraka zangu.”

Mama alikuwa akinitazama. Nikamwambia yamekwisha, nimemsamehe.