Kistari Kilichosema Usiguse

Mimi ni mbishi, na mbishi mwenye elimu hana dawa. Tulipokuwa tunaandika programu ya kukokotoa dozi za watoto hospitalini, Dada Mkuu, kiongozi wetu, alitaka uzito wa mgonjwa ufichwe kabisa ndani ya programu, mwandishi yeyote asiuguse moja kwa moja. Atakayeubadilisha apite njia moja tu, ile inayopiga upya hesabu ya dozi.

Nikacheka. "Dada, sisi ni watu wazima. Tuweke kistari mbele ya jina la uzito, basi. Kila mwandishi wa programu anajua maana yake ni usiguse. Kufuli la nini kama wote tuna adabu?"

Wenzangu wakaniunga mkono. Nikashinda, nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Miezi minne baadaye, asubuhi, muuguzi wa wodi ya watoto akapiga simu. Uzito wa mtoto ulikuwa umesahihishwa, kutoka kilo kumi na sita hadi kumi na moja, lakini dozi ilibaki ile ile.

"Dripu nimeisimamisha," alisema. "Nisingeangalia mara mbili, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine."

Lawama zikamwangukia Mgeni, binti tuliyemwajiri mwezi uliotangulia. Dada Mkuu akamwita chumba cha mikutano. Binti alipopita mezani kwangu, macho yake yalikuwa yameshalowa.

"Kaka, wallahi sijaugusa. Kistari chenyewe nakiogopa."

Nikafungua kumbukumbu za mabadiliko, zinazoonyesha nani aliandika mstari upi wa programu, nimwone mkosaji. Nyani haoni kundule, lakini mimi siku hiyo nililiona. Mstari uliobadilisha uzito moja kwa moja ulikuwa wangu. Niliuandika siku ya maonyesho kwa wateja, nikiwa na haraka, nikajiambia nitarekebisha kesho.

Kumbukumbu zile nazo hazikuwa na kufuli. Ni desturi tu kwamba hazifutwi, na ruhusa ya kuzifuta ninayo mimi. Niliona aibu, niliogopa, na vidole vikabaki juu ya kibodi. Kupitia kioo nilimwona Mgeni akivua kitambulisho cha kazi shingoni.

Nikainuka, nikaingia. "Dada, ni mimi. Mstari ni wangu."

Mgeni akafuta machozi, akatazama saa ya ukutani, kisha mimi.

"Nimekaa humu dakika ishirini, kaka. Muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"