Buti za Mwalimu

Soli ya buti ya kushoto ilibanduka hatua chache kabla ya nyumba ya kwanza ya kijiji. Mwalimu aliinama, akaiokota. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefundisha jiografia akiuonyesha mlima ule kwa fimbo, kwenye ramani ya ukutani. Sasa kilele chenyewe kilikuwa pale juu, na yeye ameshika soli mkononi.

"Pole, Mwalimu," alisema kiongozi wa msafara wao. "Sisi kesho alfajiri tunapanda hadi kibanda cha juu. Tutalala huko usiku mmoja tu. Ukitufikia kabla ya giza, kilele tunakwenda wote. Ukichelewa, utatusubiri hapa. Nenda kwa fundi viatu, na tafadhali usibishane naye."

Alichechemea kijijini. Njia moja ya mawe ilipita katikati ya nyumba, imefagiwa mpaka pembeni. Kuni zilipangwa chini ya kila dirisha, zimekatwa urefu mmoja kana kwamba zimepimwa kwa rula. Kila mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na brashi, mpita njia asafishe matope yake. Mwalimu alisahau mguu wake kwa muda, akawa anatazama tu.

Karakanani, fundi viatu hakuitazama buti. "Tembea kwanza," alisema. "Panda ngazi hizo, ushuke."

"Na soksi tu, bila buti?"

"Na soksi hivyo hivyo. Nataka kuona unavyokanyaga."

Mke wa fundi, aliyekuwa akikanda unga chumba cha pili, aliangua kicheko. "Tembea tu, dada yangu! Hata mimi alinitembeza kabla hajaniposa."

Mwalimu akapanda, akashuka. Kisha fundi akaomba buti ya kulia, ile nzima, akachomeka kisu ubavuni na kuing'oa soli kwa mkupuo mmoja.

"Wewe! Hiyo ilikuwa nzima!"

"Nzima mpaka saa ngapi?" Aliifinya soli kwa vidole; ikamomonyoka kama biskuti. "Hizi zimekaa ndani muda gani?"

"Miaka kumi na moja," alijibu Mwalimu, sauti ikipungua. "Nilikuwa nazitunza kwa ajili ya safari hii."

"Umezitunza zikaoza, mama. Zingekuwa zinatembezwa, mngeagana mapema, huko huko mjini. Hii ya pili ingekuacha kwenye barafu."

Alfajiri Mwalimu alikuwa tayari kwenye benchi la karakana. Alisikia nyayo za wenzake zikipita juu ya mawe, kisha zikapotea. Fundi alikuwa akikata kipande cha tairi la trekta. Trekta lenyewe halijawahi kufika kule. Tairi lilipanda kwa mgongo wa punda. Alitoboa tundu, akapitisha uzi uliopakwa nta, akauvuta kwa mikono miwili, akautazama, ndipo akaendelea na tundu jingine. Kila tundu hivyo hivyo. Saa nne ikafika na buti ya pili haijaanzwa.

"Fundi, na hii si ubandike gundi tu?"

"Gundi itakufikisha," alisema bila kuinua kichwa. "Kukurudisha ndiyo sijui."

 Kuanzia hapo Mwalimu aliacha kulitazama jua, akawa anaitazama mikono ile.

Saa nane kasoro buti zikawa tayari. Mke wa fundi alishajitwika kikapu cha mikate ya kibandani. "Haya mwenzangu, tupandishe. Ukichoka sema, usijifanye askari."

Walipoipita nyumba ya mwisho, njia ikawa tope. Mwalimu alitazama alipokanyaga, akaona mistari ya tairi. Akatazama mbele: mistari ile ile, mikubwa na midogo, mingine ikipanda, mingine ikishuka.

"Hizi nyayo za nani?"

"Siwajui wote. Ila walikaa benchi lile lile, wakinung'unika kama wewe."

Mwalimu alicheka mpaka pumzi ikamkatika, ikabidi wasimame. Baada ya hapo alipanda akiweka mguu wake juu ya nyayo za wale waliotangulia. Buti hazikumsaliti hata mara moja.

Jua lilikuwa lingali ukingoni walipoliona paa la kibanda. Kiongozi alisimama mlangoni. Alitazama kwanza miguu ya Mwalimu, akatabasamu, kisha akainua mguu wake mwenyewe, akamwonyesha soli yenye mistari ile ile.