Tundu la Minyaa

Kitu cha kwanza nilichoona ni miiba. Bibi Ludovika, mama yake baba, alikuwa ameziba tundu la ua wa minyaa kati ya kwake na kwetu, lile ninalompitishia kibuyu cha maziwa kila jioni. Ng'ombe ni wake, sisi tunamfuga tu, kwa hiyo maziwa hayo ni haki yake.

Alikuwa amegombana na mama kwa ajili yangu. Niliacha shule darasa la tano, bibi alipovunjika nyonga, nikawa wa kumchotea maji. Sasa mama alitaka niingie darasa la alasiri la walioacha shule. Bibi hakutaka.

Mwalimu Belinda, mpangaji wetu, aliniambia Waingereza husema watu wenye misimamo tofauti wako pande mbili za ua, hata kama ua wenyewe haupo.

"Na asiyechagua, mwalimu?"

"Huyo amekaa juu ya ua."

"Juu ya minyaa? Si utomvu utampofusha?"

Alicheka sana. Mimi sikucheka, nilijijua.

Mama aliniuliza, "Marieta, utasoma, si ndiyo?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Bibi naye akaniuliza, "Hutaniacha, si ndiyo?" Nikajibu, "Ndiyo, bibi."

Jumapili walikutana nje ya kanisa. Mama akaamkia, maana shikamoo hainyimwi hata kwa ugomvi.

"Marahaba," bibi alisema, ameegemea fimbo. "Mtoto mwenyewe kaniambia habanduki kwangu."

"Mbona mimi kaniambia atasoma?"

Wakanigeukia wote wawili. Nikatazama viatu vyangu.

"Mama Marieta, tunanuniana bure!" bibi alisema. "Mwongo wetu ni mmoja, na ana sura ya kondoo."

Mama alijiziba mdomo kwa khanga, asicheke mbele ya mama mkwe wake.

Jioni nilikuta miiba imeondolewa. Mkono wa bibi ulitokea tunduni. Haukushika kibuyu, ulishika vidole vyangu.

"Sema sasa," alisema kutoka upande wake. "Hunioni, sikuoni."

Niliweka kibuyu chini.

"Bibi, nataka kusoma. Kila nikikuchotea maji nawatazama wenye madaftari mpaka ndoo inafurika. Maji nitakuletea kwanza, ndipo niende. Lakini nataka kwenda."